Boksi Liandikwe, Lakini Si Kila Boksi

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Unapoomba shule ya sheria Marekani, kazi zipi za nyuma uziweke kwenye wasifu na zipi uzifiche?" Neno lililonichoma ni hilo la mwisho. Kuacha si kuficha. Kazi unaiacha kwa kuwa karatasi haitoshi. Unaificha kwa kuwa unaionea haya. Na sisi tulio huku Marekani tunajua zipi tunazionea haya: maboksi, yaani vibarua vya jasho. Kulea wazee, ghala la usiku, kuosha vyombo, Uber. Ndugu wa nyumbani huambiwa "niko ofisini", kisha uongo uleule unahamia kwenye wasifu. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: boksi liandikwe.

Chukueni rasimu ya binti mmoja, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Texas, iliyoletwa isomwe kabla ya kupandishwa LSAC, baraza linalopokea maombi ya shule za sheria. Ukurasa mmoja, msafi. Juu kabisa, wiki sita za kujitolea kwenye ofisi ya wakili, kazi yenyewe kutoa nakala na kupokea simu, imepewa mistari sita. Kisha chuo. Miaka mitatu haionekani popote. Miaka hiyo alikuwa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, kwenye kituo cha wazee, zamu ya saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, wazee 12 mikononi mwake. Kwa nini hukuiweka? "Si ya sheria."

Haya, tuitazame hiyo isiyo ya sheria. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda, na kila mgeuzo unaandikwa: saa ngapi, upande gani, nani kamgeuza. Maji aliyokunywa yanaandikwa kwa mililita. Mkojo vilevile. Akianguka saa 9 usiku, ripoti inakamilika kabla ya zamu kuisha, na inabeba ulichokiona, si unachokidhani. Huandiki "aliteleza" kama hukumwona akiteleza. Unaandika umemkuta sakafuni, kalalia ubavu wa kushoto, kiatu mguu mmoja. Wenyewe wana msemo: kisichoandikwa hakikufanyika. Anayesomea ushahidi anafundishwa nini zaidi ya hicho?

CNA ikapanda juu, maana ndiyo kazi aliyokuwa nayo mpaka siku ile. Mistari mitatu: cheo kama kilivyo kwenye slipu ya mshahara, mwezi na mwaka, idadi ya wazee, ripoti, saa 32 kwa wiki. Hakuna jina la mgonjwa wala namba ya chumba. Wakili akabaki na mstari mmoja. Hizo saa kwa wiki watu huzisahau, na ndizo zinazoisemea GPA, wastani wa alama za chuo: 3.3 ya aliyelala si 3.3 ya aliyetoka zamu saa 1 akaingia darasani saa 3.

Lakini saa hizohizo zina mtego. Yeye alikuwa na ukazi wa kudumu. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anaruhusiwa saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa muhula, na nje ya chuo mpaka apate kibali. Kama historia yako haikai hivyo, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujatia saini popote. Mwanasheria, si mjuaji wa kwenye harusi.

Sasa naona nimejifunga mwenyewe, kwa sababu binti yule alikuwa na kazi nyingine tatu na hakuna hata moja iliyoingia. Wiki tano kituo cha mafuta, msimu mmoja wa Krismasi ghalani, Uber za wikendi. Shule nyingi zinataka ukurasa mmoja au miwili. Kazi ya chini ya miezi mitatu isiyoziba pengo, iondoke. Ya enzi za sekondari, iondoke. Duka la familia ulilosimamia hesabu zake bila kulipwa, hilo libaki.

Ruhusa hiyo ni ya wasifu peke yake. Fomu ya maombi mara nyingi ina sehemu yake ya kazi. Ikisema "zote", ni zote, pamoja na uliyofukuzwa. Tena siku ya kuomba leseni ya uwakili, kama jimbo lako linatumia fomu ya NCBE, baraza la kitaifa la mitihani ya uwakili, itakudai kila kazi ya miaka 10 iliyopita, au tangu ulipofika miaka 18 kama ni muda mfupi zaidi, za vibarua zikiwemo. Hapo CNA aliyejiita "Msimamizi wa Huduma" atatakiwa kueleza, wakati mkopo wa shule umeshaiva.

Kwa hiyo Uber haimo kwenye wasifu wa binti yule. Kwenye fomu imo, chini kidogo ya kile kituo cha mafuta cha wiki tano.