Sikio moja la simu, sikio moja la mji: nilivyomtembeza mama Mji Mkongwe

Mara ya kwanza kwenda Unguja kutembea tu, sio msibani wala harusini, nilikaa siku tatu na nikanunua yale matembezi ya sauti ya kwenye simu, unaweka hedfoni unatembea alafu sauti inakwambia simama hapa, geuka kushoto, huu mlango ni wa mwaka fulani. Nilipenda sana. Hamna wa kukuharakisha, ukitaka kukaa nusu saa unaangalia mlango mmoja unakaa. Ila yalikuwa ya Kiingereza, yamerekodiwa kwa mtu anayeshuka kwenye meli ya kitalii, kila kitu kinaelezwa kuanzia "Waswahili ni watu wanaoishi..." na kuna sehemu sauti iliniambia niingie Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la masultani, nipande mpaka juu nione bahari, nami nimesimama mbele ya mabati ya ujenzi kwa sababu lile jengo upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na mafundi wawili wakafa. Sauti haikujua. Iliendelea kuongea kuhusu ngazi na mandhari huku mimi naangalia kifusi, na roho iliniuma.

Kwahiyo ushauri wa kwanza kabla hata hujalipia: angalia ile sauti imerekodiwa lini. Kama hawajataja kwamba Beit al-Ajaib ilianguka basi ni ya zamani, na ikikosea hapo usiiamini sana na kwingine.

Mwaka uliofuata nikaenda na mama. Mama yangu ana miaka 64, kazaliwa Tabora, magoti yanamsumbua, na Kiingereza sio lugha yake. Nikajiuliza nitamfanyia nini, nikaona basi nimtengenezee mwenyewe. Nikakaa wiki mbili kila usiku nikisoma na kuandika, nikarekodi kwa sauti yangu kwa Kiswahili vipande kumi na nne kwenye kile kirekodio cha simu, kila kipande dakika tatu au pungufu, nikavipa namba tu: 1, 2, 3. Namba ni muhimu kuliko unavyofikiria. Programu nyingi zinatumia GPS, ukifika mahali sauti inajiwasha yenyewe, na Mji Mkongwe hiyo kitu haifanyi kazi vizuri kwa sababu vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu pande zote mbili, ile doti ya bluu inaruka mara uko Kiponda mara uko baharini. Mara ya kwanza nilisikilizishwa habari za hamamu, yale mabafu ya zamani, nikiwa nje ya duka la vitenge. Ukiwa na namba unabonyeza mwenyewe ukishafika, basi.

Mambo ya simu nayasema harakaharaka. Danlodi kila kitu ukiwa bado nyumbani, usitegemee bando. Beba pawabenki, kwa sababu mwanga wa skrini juani unamaliza chaji mchana mmoja tu. Piga skrinshoti ya ramani. Na simu ikae mfukoni au kwenye pochi, usitembee umeishika mbele kama sahani, hasa jioni.

Ila kubwa kuliko yote ni hili: tumia hedfoni moja. Sikio moja libaki wazi. Kwanza kwa usalama, vespa na pikipiki zinapita kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni unajibana, zinapiga honi kwenye kona na wewe usiposikia utagongwa. Pili kwa adabu, mtu wa kule hakupiti bila salamu, ukiwa umeziba masikio yote mzee wa barazani anakwambia "hujambo mwanangu" na wewe unapita kama ukuta, ni aibu. Tatu ni kwamba mji wenyewe unaongea! Adhana, mafundi seremala, watoto wa chuoni wanasoma Kurani dirishani, muuza kahawa anagonga vikombe. Hivyo huwezi kuvirekodi nyumbani Dar ukaviweka kwenye namba 6.

Tulianza saa moja asubuhi pale Darajani, soko likiwa limechangamka, samaki wanashushwa, mama akataka kununua karafuu hapohapo nikamwambia subiri tutarudi. Anza asubuhi au anza saa kumi alasiri, usitembee saa sita mchana maana jua la kule na unyevu vitakumaliza na hutakumbuka ulichosikia. Na Ijumaa mchana waachie wenyeji, watu wako msikitini na wewe hutakiwi kusimama mlangoni pa msikiti unasikiliza simu.

Kutoka Darajani mpaka Mkunazini ni hatua chache, na hapo ndipo lile kanisa la Anglikana limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 Sultan Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na kanisa likaanza kujengwa mwaka huohuo. Askofu Edward Steere ndiye alisimamia ujenzi, yule aliyeandika pia vitabu vya sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya la Biblia, na kazikwa humohumo nyuma ya madhabahu. Kuna msalaba uliochongwa kwa mbao za mti ule ambao chini yake moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa huko Chitambo, Zambia ya leo. Haya yote niliyaweka kwenye namba 2.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Watu wanashushwa kwenye vyumba vya chini karibu na kanisa wanaambiwa watumwa walifungwa humu kabla ya kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, kwamba vile vyumba sio vya soko. Sauti niliyonunua ilisema kwa uhakika kabisa kwamba ni vya watumwa, hata haikusita. Mimi kwenye yangu nilimwambia mama kuna mabishano, kwa sababu naona kumheshimu aliyeteswa ni pamoja na kusema ukweli kuhusu alipoteswa. Kwamba soko lilikuwa pale hakuna anayebisha. Ukirekodi ya kwako, sehemu yenye mabishano iseme hivyohivyo.

Alafu nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hapo sikuweka sauti kabisa. Namba 3 ni sekunde tano tu, nasema "mama, vua hedfoni". Nakusihi ufanye hivyo hata kama sauti yako inaendelea kuongea, izime. Mama alisimama pale muda mrefu sana, hakusema kitu, akashika tu ule mkono wangu.

Baada ya pale tukaingia vichochoroni kuelekea Sokomuhogo, na hapa nilikosea. Namba 5 nilisema "pinda kulia kwenye mlango mkubwa wenye vifundo vya shaba." Milango ya hivyo iko kila mahali! Tulipotea dakika ishirini. Ukitengeneza maelekezo ya Mji Mkongwe usitumie mlango kama alama, tumia msikiti, tumia shule, tumia baraza lenye kibao cha mchezo wa bao, au sema tu muulize mtu. Ila kupotea kule kulituletea mzee mmoja kakaa barazani. Mama akamwamkia, mzee akaitikia akasema "Mmepotea, bibi? Kaeni kwanza mpoe." Tukakaa. Nikamwambia tunasikiliza habari za mji kwenye simu akauliza simu inasema nini kuhusu nyumba yake. Haikusema kitu. Basi akatueleza mwenyewe: kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari inashikwa na boriti za mikoko na nyingi zilikuwa zinakuja na majahazi kutoka Rufiji. "Boriti ndo iloamua upana wa chumba," akasema, mkoko haukui ukawa mrefu zaidi ya pale, ndio maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba. Mimi nimekaa kwenye vyumba vile mara mbili na sikuwahi kujiuliza kwanini viko hivyo. Tangu siku ile nikiingia nyumba ya kale popote Pwani naangalia juu kwanza.

Na ndio maana nasema usijaze siku. Nilipanga vipande kumi na nne kwa siku moja, tukafanya nane, kesho yake sita. Kipande kimoja kwa kila dakika ishirini inatosha, kati yake acha nafasi ya watu.

Milango tuliiangalia sana lakini sitaeleza mingi. Ile yenye juu mraba ni ya mtindo wa Kiarabu wa zamani, ile yenye upinde juu imekuja na mafundi na matajiri wa Kihindi, na ukiinama utaona samaki, mitende, na mnyororo umechongwa pembeni. Mtafutie mzazi wako mlango mmoja, mwache auguse.

Namba 9 ilikuwa Shangani, nyumba ya Hamed bin Muhammad, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip. Alifia Unguja mwaka 1905, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye misafara yake ilifika mpaka Kongo, na alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kwahiyo tunaweza kumsoma bila mkalimani. Nilirekodi kwamba baba yake aliishi Tabora na alioa huko. Mama akasimamisha sauti. Akasema ngoja. Akaanza kunieleza kitu ambacho kwa miaka yangu yote hakuwahi kunieleza, kwamba babu wa mama yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo mara tatu, kwa ujira, hakuwa mtumwa, na mara ya tatu alirudi na kitambaa cheupe ambacho bibi alikuwa anakitaja mpaka uzeeni. Wanyamwezi wengi walifanya kazi ile, ilikuwa ndio sifa ya kijana kwenda pwani na kurudi. Mimi nilikuwa nimesoma wiki mbili nzima habari za misafara na sikujua kwamba damu yangu ilitembea kwenye ile njia.

Jioni tukamalizia Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya kumtoa Mreno, alafu ufukweni mbele ya kasri nikamwekea namba 12, vita ya tarehe 27 Agosti 1896. Hii isikilize ukiwa umesimama unaangalia bahari, maana meli za Waingereza zilikuwa palepale, na vita iliisha kabla ya saa moja kupita. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, akakimbilia ubalozi wa Wajerumani na baadae akapelekwa Dar es Salaam. Mama akaniuliza "kwahiyo alikuja kukaa kwetu?" Ndio mama, kwetu. Ukirekodi kwa ajili ya mtu wako, kila mahali tafuta kile kinachogusa kwao. Sauti ya kununua haiwezi kujua nyie mmetoka wapi.

Forodhani tulikula urojo na juisi ya miwa, hedfoni tumeshazitia mfukoni.

Najua utaniuliza kama ni bora kuliko mtembezaji. Mtembezaji wa mji mwenye kitambulisho mlipe, nakushauri uchukue hata saa mbili siku ya kwanza, ndiye utamuuliza maswali, ni kazi yake na anaijua. Sauti itumie siku ya pili unaporudi polepole sehemu ulizopenda. Papasi, wale vijana wa bandarini wanaotafuta wageni wa kuwatembeza, wanaokufuata kwa nguvu wakatalie kwa upole tu, "ahsante kaka, nimeshafika", na uendelee kutembea.

Na jambo moja la mwisho la kufanya kabla hujaondoka kwenu: acha nafasi kwenye simu ya kurekodi, sio kusikiliza tu. Pale Shangani nilimwomba mama arudie ile habari ya babu wa mama yake na nikabonyeza kitufe. Mdogo wangu anaenda Unguja mwezi ujao na mke wake, nimeshamtumia vipande vyote. Namba 9 ya zamani nimeifuta, sasa hivi ni mama anayeongea, dakika nne na ushee, katikati kuna vespa inapita na mtu anasema "hodi hodi" apishwe, sijaikata.