Kudropu kozi katikati ya semesta Marekani: kabla hujabonyeza, anzia kwa DSO (afisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako)

Wadogo zangu mliofika mwaka huu, hasa wenye viza ya mwanafunzi, F-1, mwezi wa kumi ukifika katikati matokeo ya midtemu yakianza kutoka ndo meseji zinamiminika, "kaka nimepata 41 ya Calculus, nidropu au nikomae?" Mimi sijibugi hapo hapo, nauliza kwanza una krediti ngapi (ule uzito wa kozi zako) semesta hii na umeshaongea na nani. Kudropu kwenyewe hakuna kazi, unabonyeza kwenye simu umelala kitandani na imeisha, mfumo wa chuo haukuulizi we ni mgeni wa viza au mwenyeji wa hapa, unakuandikia tu imekubali. Shida inaanza kesho yake.

Tuanze na kinachowatisha wengi, ile W. Nyumbani somo likikushika unajua kuna sapu, unarudi chuoni mapema unakaa na madesa yako unafanya mtihani tena maisha yanaendelea. Huku sapu sahau, ukifeli umefeli, kurudia maana yake unasajili kozi nzima upya na ada unalipa upya. Sasa W ni alama inayoonyesha ulijitoa, inakaa kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo yako yote, ila haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 4. Ukidropu zile siku za mwanzo kabisa wa semesta hata hiyo W haionekani, kozi inafutika kama hukuwahi kuichukua. Chukulia una kozi tano za krediti tatu tatu, nne una B (pointi 3) na moja ukapata F (sifuri), GPA ya semesta ni 2.4. Hiyo moja ungeiwekea W ungebaki na 3.0. Skolashipu nyingi zina kiwango chake cha GPA, kwa hiyo hapo unaona mwenyewe tofauti. W moja au mbili kwa miaka minne hamna mtu atakuita kikao, zikiwa zinajipanga kila semesta hapo ndo watu wataanza kuuliza.

Kabla ya yote lakini piga hesabu, maana wengine wanakimbia kozi ambayo bado inaokoleka. Fungua silabasi angalia mgawanyo, tuseme homuweki 20, majaribio 40, fainali 40. Kama kwenye hizo 60 za mwanzo wastani wako ni 50, mfukoni una pointi 30, na C inataka 70, maana yake fainali upate 40 zote yaani mia kwa mia. Hapo usijidanganye, dropu. Ila kama una wastani wa 65, mfukoni una 39, unahitaji 31 kati ya 40, ambayo ni kama 78 kwenye fainali, hiyo inategemea kujua kwako. Nenda na hiyo karatasi ofisini kwa profesa zile saa zake za wanafunzi, umwonyeshe hesabu, umuulize kama kuna mtihani mdogo anaoufuta au alama anayoongeza. Wengi wetu tunaogopa kugonga ule mlango kwa ile heshima yetu ya mwalimu, huku wanakaa mle ndani kusubiri mje na mara nyingi haji mtu.

Haya, sasa krediti. Mwenye F-1 wa digrii ya kwanza lazima awe na angalau krediti 12 kila semesta, na ya mtandaoni inayohesabika humo ni kozi moja tu isiyozidi krediti tatu. Masters na PhD chuo ndo kinapanga, vingi ni 9. Ukiwa na 15 ukadropu moja unabaki na 12, hamna kesi. Ukiwa na 12 kamili ukadropu moja una 9, na kama hukuruhusiwa kabla, uko nje ya sheria za viza hata kama mwalimu na adivaiza wako wote walikuambia dropu tu. Adivaiza wa masomo anajua digrii yako, viza yako haijui na siyo kazi yake. Anayejua ni DSO, yule wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa aliyekusainia I-20, ile fomu ya chuo uliyoombea viza. Yeye ndo anaingiza kibali kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, na anatakiwa akiingize KABLA hujadropu. Rekodi ikishafungwa kuirudisha ni fomu ya uhamiaji ya I-539 na ada na miezi ya kusubiri, au utoke nchini uanze na I-20 mpya na ulipe upya ile ada ya SEVIS ya dola 350.

Hicho kibali cha kushuka chini ya 12 kipo, msidhani haiwezekani. Kwa upande wa masomo sababu zinazokubalika ni kama Kiingereza kukusumbua mwanzoni, mzigo wa kusoma kukuzidi, kutozoea ufundishaji wa huku, au kuwekwa kwenye kozi isiyo ya kiwango chako. Unaruhusiwa kushuka lakini usipungue krediti 6, unapewa mara moja tu kwa kila ngazi ya digrii, na semesta inayofuata unarudi kwenye 12. Kwa hiyo usiitumie kichwa kichwa mwaka wa kwanza kwa kozi ambayo ungeipita na C. Ugonjwa ni habari nyingine, ukiwa na barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni unaweza kushuka hata mpaka sifuri, jumla isizidi miezi 12. Kuishiwa hela au shifti za kazi kukubana havimo kwenye hizo sababu, msiende kuzitaja mkidhani mtaonewa huruma.

Kuna njia nyingine wageni hawaijui, madarasa ya nusu ya pili ya semesta. Vyuo vingi, hasa vile vya miaka miwili, vina kozi za wiki nane zinazoanza kama mwezi wa kumi katikati. Unadropu Kemia, unachukua moja ya hizo ya kukaa darasani, unabaki kwenye 12 na kile kibali chako hujakigusa. Kuna dada tulikuwa tunasali naye hapa Houston alikuwa na 12 kamili, Ijumaa jioni kadropu Kemia, Jumatatu asubuhi kaenda kumpa DSO taarifa, yule mama akavua miwani akamuuliza umeshabonyeza? Bahati yake kozi ya historia ilikuwa inaanza wiki ile ile na kiti kimebaki kimoja. Kakipata. Digrii yake wala haikuhitaji historia ile na kailipia, lakini alibaki na viza yake. Ndo maana nawaambiaga mkiweza sajilini 15 siyo 12, mkae na nafasi ya kupumua.

Kuhusu hela, Texas nawasemea kwa uhakika, majimbo mengine angalieni kalenda za vyuo vyenu. Vyuo vikuu vya umma huku, vile vya miaka minne, semesta ndefu, ukidropu kozi moja ndani ya siku 12 za kwanza za masomo huku umebaki na nyingine unarudishiwa hela ya kozi hiyo, baada ya hapo ndo imekwenda. Ukijitoa kozi zote ngazi zake ni 80% siku tano za kwanza, 70 tano zinazofuata, 50, halafu 25, baada ya siku ya 20 hamna kitu. Halafu kuna sheria ya tangu 2007, mwanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye vyuo vya umma Texas asidropu zaidi ya kozi sita maisha yake yote ya chuo. Ukihama chuo cha umma kwenda kingine cha umma humu humu Texas zinakufuata.

Ndugu zangu wa Kongo na wengine mliokuja kama wakimbizi au mna grini kadi, SEVIS haiwahusu ila FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, inawahusu, na huko pia kuna shimo. Ukiacha masomo yote kabla ya 60% ya semesta, serikali inahesabu umeuchuma ule msaada kulingana na siku ulizokaa tu. Semesta ya siku 110 ukaacha siku ya 33 umechuma 30%, nyingine chuo kinarudisha halafu kinakudai wewe, na deni likikaa hapo usajili unafungwa. Kuyeyuka kimya kimya bila fomu ndo vibaya kuliko vyote, ukipata F zote chuo kinaweza kukuhesabu uliondoka katikati, unadaiwa na F unabaki nazo. Na hata ukidropu moja moja, vyuo vingi vinataka umalize kama 67% ya krediti unazosajili. Ulisajili 15 ukamaliza 9 hiyo ni 60, umeshaingia kwenye onyo.

Na msiba au mgonjwa nyumbani je? Hapa watu wanakosea sana, mtu anakata tiketi halafu imeili anaitumia yuko airport. Ongea na DSO kwanza, akikuidhinishia kujitoa una siku 15 za kuondoka, na ukirudi ndani ya miezi mitano mara nyingi unaendelea na rekodi ile ile. Pia umuulize profesa kuhusu alama ya I, ni ya mtu aliyefanya kazi karibu yote akakwama mwishoni, unamalizia baadaye.

Kwa wazee na wafadhili nyumbani mwambie mapema mwenyewe. Mjomba aliyeuza ng'ombe akikuta W kwenye karatasi bila maelezo atajua umeacha shule.

Kitu kidogo cha mwisho, saa. Siku ya mwisho ya kudropu na W inakuwa kwenye kalenda ya chuo, mara nyingi mwezi wa kumi mwishoni au wa kumi na moja, na vingine vinafunga 5:00 jioni siyo usiku wa manane. Mwenzetu mmoja aliona 5:00 kichwani ikamjia saa tano usiku, akala wali wake akaoga, akafungua kompyuta saa tatu akakuta kitufe hakipo. Ukishadropu piga skrinshoti, tunza imeili ya DSO ya kibali, na mwezi wa kwanza fungua transkripti uone ni W kweli, maana kuna wakati inaingia F kwa makosa na ukiwahi kuwaandikia wanaibadilisha.