Waliofika mlangoni tukawaambia wasubiri

Wiki hii mmeuliza: "Je, wokovu wa Kristo ni wa mataifa yote, hata wale ambao Injili haijawafikia?" Wengi watawajibu kuhusu hao ambao haijawafikia. Mimi juu yao sina la kusema. Wako mikononi mwa Mungu, na mikono hiyo ina rehema kuliko yangu. Wanaoninyima usingizi ni wale ambao iliwafikia, wakaiamini, wakaja mpaka mlangoni kwetu, nasi tukawaambia wasubiri.

Nilikuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Jumamosi moja tuliketi kuwahoji waliomaliza mafundisho ya ubatizo. Wa mwisho kuitwa alikuwa mgeni, mtu wa taifa ambalo watu wetu wana kinyongo nalo tangu enzi za babu zetu. Kila aliyekuwapo alilijua hilo na hakuna aliyelitaja. Lugha yetu alikuwa ameiokoteza tu. Akaambiwa aikariri Imani ya Mitume, ungamo la imani yetu, bila kusoma.

Alikuwa na daftari dogo, kingo zake zimelainika kwa jasho la viganja. Nilikaa karibu naye, nikaona ukurasa. Imani yote ameiandika kama alivyoisikia, kwa tahajia ya lugha yake, maneno mawili mawili yameshikana. Akalifunga, akaliweka mapajani, akaanza. "Namwamini" ilimtoka imepinda. Akapita kuumbwa kwa mbingu na nchi, akampita Pontio Pilato, akafika siku ya tatu. Kwenye "ushirika wa watakatifu" akakwama. Akarudi nyuma kidogo, akaanza tena, akakwama palepale. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtajie neno, nikaufunga. Mara ya tatu akaimalizia kwa lugha yake mwenyewe, haraka, macho ameyafumba, mpaka "Amina". Hiyo Amina tuliielewa wote.

Mzee mmoja akasema, "Hatujui amesema nini." Mwingine akauliza ni nani pale atakayemdhamini. Ikapitishwa asubiri darasa lijalo, mpaka lugha imkae vizuri. Katika kupiga kura, mkono wangu ulikuwa juu pamoja na yao, kisha nikaushusha nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: "Asubiri." Kesho yake alikuja vilevile. Alisimama kando ya birika la ubatizo, akawapa taulo wenzake wa darasa mmoja mmoja walivyokuwa wakitoka majini. Tangu siku hiyo sijamwona.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashtaki wazee wale. Biblia waliisoma. Walijua habari za towashi wa Kushi kwenye njia ya Gaza, aliyeuliza ni nini kinachomzuia asibatizwe, na Filipo akashuka naye majini saa ileile. Walijua Paulo alivyokamatwa hekaluni kwa kudhaniwa kwamba amemwingiza Trofimo, mtu wa Efeso, ng'ambo ya mpaka ambao watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, hawakuruhusiwa kuuvuka. Mpaka ule ulikuwa na maandishi kabisa: mwaka 1871 lilipatikana Yerusalemu jiwe lililoandikwa kwa Kigiriki, likimwonya mgeni kwamba akivuka na kukamatwa, kifo chake amejitakia mwenyewe. Kila nikisoma kwa Waefeso kwamba Kristo amekibomoa kiambaza kilichotutenga, naliona jiwe hilo.

Lakini kadiri ninavyoandika hasira inanipungua, na sababu ni Petro. Huyu alionyeshwa katika maono ile nguo kubwa yenye wanyama wa kila namna ikishuka kutoka mbinguni mara tatu, akafundishwa asimwite mtu yeyote najisi. Aliingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, akaona Roho akiwashukia watu wasiotahiriwa hata mahubiri hajayamaliza. Na Petro huyohuyo, kule Antiokia, alikuwa akila na watu wa Mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga. Aliogopa. Hata Barnaba akavutwa. Basi wazee wetu, ambao hawajashushiwa nguo yoyote, siwezi kuwaita waovu. Nasi tuliogopa: washirika wangesemaje wakimwona yule ameketi nao kwenye meza ya Bwana?

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, wokovu ni wa wote, na hakuna kabila la kuongezewa sharti. Ila sisemi kila apitaye abatizwe. Kikao cha mitume na wazee kule Yerusalemu kilikataa kuwatwisha Mataifa tohara, lakini kiliwaandikia mambo manne ya kujiepusha nayo. Mtu afundishwe, na ahojiwe. Katika hilo nasimama na wazee, ingawa wiki iliyopita nisingekubali. Ahojiwe tu kwa lugha anayoombea, na mkalimani tumtafute sisi. Siku ya Pentekoste Waparthi na Waelami hawakulazimishwa kwanza kujifunza usemi wa Wagalilaya. Kila mmoja alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Labda mtu atasema lugha ilikuwa sababu ya kweli, kwamba hakuwa tayari. Nimelifikiria hilo pia. Daftari la mahudhurio ya darasa bado ninalo. Jina lake lina alama kila wiki, tangu somo la kwanza mpaka la mwisho, na alama hizo nilizitia mimi.