Kazi za Mikono Zinajuana

Mshika mbili moja humponyoka. Kila anayependa kushona leo, kuchonga kesho na kuchora keshokutwa ameshaambiwa methali hii, mara nyingi na watu wanaomtakia mema. Mimi niliisikia niliposhika randa na patasi huku cherehani ikiningoja, na nilipoingia kwenye ufinyanzi nikaisikia tena. Naiheshimu. Ukishika mbili zisizojuana, moja itaponyoka kweli. Ila kazi za mikono zinajuana.

Chukua kitambaa. Kina mtande, yaani nyuzi za urefu, na mshindio, yaani nyuzi za upana. Ukikikata kwa kufuata mtande hutulia, ukikikata mshazari huvutika. Kwa hiyo siku niliyoanza useremala, jicho lilitafuta lenyewe nyuzi za ubao zinaelekea wapi, kwa kuwa kushona kulishalizoesha. Nikajifunza kwamba unyevu ukizidi, ubao hutanuka kwa upana, lakini kwa urefu karibu hausogei, ndiyo maana seremala mzuri hafungi uso wa meza kwa namna ya kuunyima nafasi. Udongo nao husinyaa ukikauka, na sehemu nene huchelewa kukauka kuliko nyembamba, hivyo chombo kisicho na unene sawa hupasuka. Kila malighafi ina tabia yake, na fundi huisoma kabla ya kukata. Mtu wa kazi moja hulifahamu hilo pia, sikatai. Mimi lilinikaa vizuri nilipolikuta kwa mara ya pili, kwenye kitu kingine kabisa.

William Morris wa Uingereza (1834–1896) alitarizi, akafuma, akatia vitambaa rangi, akabuni karatasi za ukutani, na mwaka 1891 akaanzisha kiwanda cha kuchapa vitabu, Kelmscott Press, ambako alibuni hata herufi. Tazama mapambo ya pembezoni mwa kurasa zake, utaona majani na matawi yanayojisokota kama yale ya kwenye karatasi za ukutani. Mkono ulikuwa umeshayazoea.

Hatari iko kwingine: kuondoka mapema. Mwanzoni kila kazi hukupa furaha ya haraka, kisha hufika kipindi kigumu ambapo jicho limeutangulia mkono. Unauona mshono umepinda, lakini bado huwezi kuunyoosha. Ni hapohapo kazi nyingine huanza kuvutia. Ushauri wangu, na huu nausisitiza kuliko wote, ni usihame mpaka umekamilisha kitu kimoja kinachotumika: shati livaliwe, kigoda kikaliwe, kikombe kinywewe. Matumizi hufichua yale ambayo sifa za marafiki huyafunika, kama kwapa linalobana au mguu wa kigoda unaoyumba.

Azima vifaa kabla ya kununua. Weka daftari la kila kazi na uandike vipimo, aina ya uzi, namba ya sindano, muda wa kukausha. Ukirudi baada ya miezi utakuta mkono unakumbuka kuliko kichwa, na daftari litaziba pengo. Mezani iwe kazi moja kwa wakati mmoja, nyingine zikae kabatini bila kukulaumu.

Na kama moja ndiyo inayokulisha, ipe saa zako za nguvu, halafu nyingine uzipe jioni, bila haraka na bila kuzidai fedha.