Re: Je, unyenyekevu ni kukubali kudharauliwa?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtumishi mnyenyekevu anapaswa kunyamaza kila anapodharauliwa kwenye huduma. Mimi nasema hapana.

Soma Yohana 13 polepole, hasa mstari wa 3. Yesu alijua kwamba Baba amemkabidhi vyote, ndipo akainuka mezani, akaweka mavazi yake kando, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji kwenye beseni, akaanza kuwaosha wanafunzi wake miguu. Hakuinama kwa kujiona si kitu. Na miguu ya Yuda, msaliti wake, ilikuwemo! Yuda anatoka nje baadaye, mstari wa 30. Hapo huwa nasimama kila nikisoma, maana mimi ningemruka.

Lakini usiku uleule Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani, hakunyamaza. Aliuliza: kama nimesema vema, mbona unanipiga? (18:23). Hakurudisha kofi, wala hakujifanya halikumuuma.

Kwa hiyo endelea kufagia na kupanga viti, usiache. Ila huyo kiongozi anayekutukana mbele ya watu, mfuate. Nenda peke yako kwanza, ninyi wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza.