Jibu: Kwa nini mapanga ya mitambo ya upepo yanayozunguka taratibu yanatoa umeme mwingi?

Ndugu, umeuliza inawezekanaje mapanga yanayoonekana kuzunguka polepole yazalishe umeme wa kutosha maelfu ya nyumba. Polepole hiyo ni ya macho tu. Chukua mitambo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, ambayo duara la mapanga yake lina kipenyo cha mita 52: yakizunguka mara 26 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa.

Upepo hausukumi panga kama unavyosukuma mlango. Panga limechongwa mfano wa bawa la ndege, hivyo hewa inayopita pande zake mbili huacha tofauti ya mgandamizo inayolivuta lizunguke. Mzunguko huo hupitia kwenye giaboksi, yaani kisanduku cha magurudumu ya meno kinachobadili kasi, ukaongezwa hadi zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, kisha ukaendesha jenereta, ambamo sumaku inayozunguka karibu na nyaya za shaba huzalisha umeme ndani ya nyaya hizo.

Jambo ambalo wengi hulisahau, nami naliona kuwa kiini cha swali lako, ni kwamba kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo huongezeka mara 8. Ndiyo maana mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, ilipelekwa mbali kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kwenye upepo mkali na wa kudumu, ikafikisha uwezo wa takriban megawati 310.