Msimwambie mfiwa "kazi ya Mungu haina makosa"

Mwanangu wa miaka 19 amegongwa na lori akiwa kwenye bodaboda. Matangani wazee wa kanisa wananiambia: "Kazi ya Mungu haina makosa, usilie kama asiye na imani." Nakosea kulia? (Mama, Changamwe)

Pole sana, mama. Hukosei. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini" (1 Wathesalonike 4:13). Huzuni na tumaini hukaa kifua kimoja. Yesu alijua Lazaro yu karibu kutoka kaburini, na bado alilia.

Watakuletea na Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Waulize ni nani aliyesema. Ni Ayubu mwenyewe, kwa watoto wake kumi, si jirani aliyeshika kikombe cha chai. Na sura ya 3 utamkuta huyo huyo akiilaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walifaa siku saba tu, zile walizokaa naye chini kimya. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwishowe Mungu akawakasirikia wao (Ayubu 42:7).

Lori lina dereva, lina breki, lina mwenyewe. Tukisema "Mungu amemchukua" tunamsomea Mungu mashtaka ya dereva. Biblia inaiita mauti adui, tena adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26). Tumaini la Mkristo halisemi kwamba kifo cha mwanao ni kizuri ila wewe hujaelewa. Linasema kifo hicho kitabatilishwa, na mwanao atafufuka. Kwa sasa, mtume mtu mmoja mtulivu wa familia akafuatilie abstrakti ya polisi, ile hati ya taarifa ya ajali, maana madai ya bima huanzia hapo. Kudai haki ya marehemu hakupunguzi imani.

Je, kufa kijana ni adhabu ya dhambi za wazazi? (Kisauni)

Swali hili linarudi kila mara, na jibu liko Luka 13:4–5 tangu lilipoandikwa. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, Yesu mwenyewe akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wengine, akajibu: "Sivyo." Feri ya Mtongwe, hapa Mombasa, ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Anayetafuta dhambi katika msiba ule aanze na hiyo ya kujaza, awaache wafiwa.

Nabii anataka sadaka ya kuvunja "laana ya vifo vya mapema" kwenye ukoo wetu. Tutoe kiasi gani? (Mikindani)

Hata thumni msitoe.

Mtoto wetu alifariki siku ya tatu, kabla ya ubatizo. Yuko wapi? (Likoni)

Mikononi mwa Mungu. Mtoto wa Daudi alikufa mchanga, na baba yake akasema: "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi" (2 Samweli 12:23). Kwa Wakatoliki, Katekisimu aya ya 1261 inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu. Anayewatajia moto, mwambieni awaonyeshe mstari.

Mpeni jina kama hamjampa, chukueni kibali cha kuzika, na aitwe mchungaji au padri asome sala kaburini. Kinachoumiza wazazi miaka mingi baadaye ni ule mtindo wa kumzika mtoto upesi upesi na wanaume wawili, mama akiwa bado wodini, asijue hata kaburi liko upande gani. Kama hawezi kusimama, msubirini. Misheni ya Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, katika pwani hii ilianza na msiba kama wenu: Julai 1844 alimzika mkewe Rosine, kisha binti yao mchanga, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Hakuna aliyewaficha, kaburi lile linajulikana hadi leo.

Mimi ni Mwislamu. Jirani yangu Mkristo amefiwa na mume, kijana wa miaka 34. Nimwambie nini nisimkosee? (Majengo)

"Makiwa" inatosha, dada. Usiongeze "utapata mwingine" wala "afadhali hakuteseka." Wengi wataandamana na jeneza hadi bara, kisha atarudi kwenye nyumba tupu. Hapo ndipo pako. Wiki ya pili peleka sahani ya wali, usiulize "nikuletee nini?" maana atasema hakuna. Wachukue watoto shuleni siku mbili tatu. Na mtaje mumewe kwa jina. Watu wakiogopa kulitaja, mjane huona kama kazikwa mara ya pili.

Miezi mitatu sasa tangu dada yangu afe. Kanisani siwezi kuimba pambio. (Bamburi)

Usiimbe. Kaa karibu na mlango, utoke ukizidiwa. Nyumbani soma Zaburi 88 kwa sauti, polepole. Haina "lakini nitamsifu" mwishoni; inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia kama sala. Ikikulemea, soma mstari wa kwanza tu, kesho uongeze wa pili. Lakini kama hulali, chakula hakipiti, au unawaza kumfuata dada yako, mwambie mtu leo, na aende nawe hospitalini leo hii. Msingoje mkesha wa Ijumaa.